Waya Uliobaki Chini ya Kitanda

Tata, baba yangu mpendwa,

Leo nimefanya kazi yako kwenye zahanati yetu ya Manika, kwa hasira. Ni hasira juu yako, sikufichi.

Unakumbuka uliponifundisha? Nilikushikia nyundo ukikita fimbo ya shaba ardhini kando ya jenereta, ukajaza makaa na chumvi, kisha maji, ukaiunga na jenereta kwa waya. "Courant ya umeme ikipotea njia, itashukia huku," ukaniambia. "Pasipo hii, itapitia mu mwili ya muntu." Kolwezi nzima sikumjua fundi aliyeelewa hayo kukuzidi.

Wezi wakaja. Mji unachimbwa shaba kila kona, na bado waya wako wa ardhi waliuiba mara mbili wakauuze. Ndipo ukaanza mtindo wako: kila jioni unaufungua, unauviringa, unauleta nyumbani chini ya kitanda, na asubuhi unaurudisha. Watu walikusifu. Mama alikuambia ni wazimu, uombe msaada, ukacheka: "Mi siwezi kusumbua bakubwa ba kamati ya zahanati."

Jumapili ile hukuwa kazini. Mvua ilinyesha, umeme wa mji ukakatika mchana, na mama mmoja alikuwa katikati ya upasuaji wa kuzaa. Muuguzi akakupigia simu. Ulitoka mbio na kandambili, ukarukia pikipiki ya taxi-moto. "Narudia sasa hivi, mwana." Ukaiwasha jenereta. Kumbe ndani yake waya mmoja ulikuwa umechubuka, nawe umesimama majini, mkono juu ya bati lake. Courant ikapitia mwilini mwako.

Nilipofagia chumba chako baada ya mazishi niliuona waya wa ardhi chini ya kitanda, umeviringwa vizuri. Nilikaa nao sakafuni nikakutukana, tata. Ndiyo, nilikutukana.

Mtoto alizaliwa mzima. Wamempa jina lako, na kamati inadhani hilo linatosha.

Juzi wakaniita mimi. "Mama, ufanye sawa vile tata yako alikuwa anafanya. Utaubeba kila mangaribi." Nikakataa katakata. Nikawaambia walete saruji, nikaupitisha waya ndani ya bomba, nikauzika pamoja na fimbo hadi hakuna mkono utakaoung'oa. Ilikuwa kazi ya asubuhi moja.

Nusu mfuko wa saruji, tata. Waliuleta bila hata kuniuliza wa nini. Ungewaomba tu.

Pumzika, kama unaweza. Mimi bado siwezi.

Binti yako wa kwanza