Tarehe Moja kwa Dawa Zote

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini wewe, shemeji na watoto hamjambo. Huku tu wazima, isipokuwa mdogo wetu. Tumbo halijamwacha, na upasuaji wake ni Jumatano, hapa hapa hospitalini ninapofanya kazi.

Nimesoma ripoti mliyoletewa ninyi wajumbe wa bodi ya hospitali. Mshauri wa mradi anaandika kwamba "mfumo mpya wa kompyuta umemaliza tatizo la dawa zilizoisha muda." Uongo mtupu! Haujaondoa hata kidonge kimoja. Umetuondolea habari zake tu. Mfumo mmenunua, faida yake hamjaipata, na haipatikani kwa kukata utepe.

Zamani ghalani, yule mama tunayemwita Darubini kwa ajili ya miwani yake alishika kila boksi, akasoma tarehe na kuiandika daftarini. Mshauri akaja, akasema huo ni ushamba. Mafunzo yalikuwa ya saa mbili, nusu yake kupiga picha. Darubini alimweleza kwamba mzigo mmoja huja na tarehe tano, na skrini ina nafasi ya moja. Akajibiwa kwamba mama, kompyuta haikosei. Naye akasema ni kweli, haikosei, maana haishiki boksi. Tulicheka sana. Siku hizi hatucheki.

Nafasi ya tarehe ikiachwa wazi, skrini hugoma kutoa dawa, na wauguzi wanapiga simu wakifoka. Basi ghala zima likazoea kuandika tarehe moja kwa kila dawa: siku ya mwisho ya mwaka ujao. Skrini ikawa kijani tupu, wakubwa wakapiga makofi.

Wiki iliyopita mgonjwa aliamka kisu kikiwa bado mwilini mwake. Madaktari wakasema ni maumbile yake. Jana nikayashika mwenyewe maboksi ya dawa ya usingizi. Kati ya tisa, saba yameisha muda miezi minane sasa. Hayo nimeyatoa. Mengine arobaini yalishapelekwa vyumba vya upasuaji, na mfumo unasema yote ni mazima. Nilimwomba mkurugenzi afungue makabati ya huko. Akaniuliza tangu lini nikasifu kitu chochote, akanionyesha mlango.

Kuna jambo sikumwambia. Tarehe ile niliianzisha mimi. Wodi ya watoto ilikuwa inasubiri dawa, skrini imegoma, nikaandika iliyonijia kichwani. Ikakubali. Nikawafundisha wenzangu wote, nikijigamba kwamba nimeiweza mashine. Mimi huyu, ninayejaza ubao wa matangazo makala za kuwakemea wakubwa, hilo sikuliandika popote.

Mdogo wetu hajui. Anakusalimu, anasema umletee kanga mpya akitoka wodini. Nami nawasalimu nyote.

Barua hii isome mbele ya bodi, kaka, neno kwa neno. Nanyi wajumbe, simamisheni upasuaji leo. Nendeni wenyewe mkafungue makabati, mshike kila boksi. Kunifukuza, mtanifukuza baadaye.

Ni mimi ndugu yako,
Mtunza ghala la dawa