Samaki wa Baba Ndani ya Rakija ya Harusi Yako

Donja Brežina,
9 Oktoba 2022.

Mpendwa Kaka Tihomir,

Pokea salamu zangu na za mama. Hujambo huko Melbourne? Kile kifua kimepata nafuu? Sisi wazima, ila goti la mama linamsumbua akipanda ngazi za dari. Fimbo haitaki, anasema fimbo ni ya wazee. Ana miaka themanini na mbili.

Kaka, nina la kuungama. Nimefungua rakija yako, ile pombe kali ya matunda baba aliyoipika mwaka uliozaliwa akaiweka kwa ajili ya harusi yako. Mama alisimama mlangoni: "Weka chini, we mtoto. Hiyo ya harusi." Nikamjibu, "Mama, bwana harusi ana miaka hamsini na mmoja." Hakucheka, lakini alinipisha.

Unakumbuka ulivyomwambia baba mezani, mbele ya majirani, kwamba samaki aina ya mekousna wa mto wetu walikwisha zamani, na yule aliyemvua ni samaki wa kufugwa aliyetoroka bwawani. Ulipoondoka kesho yake, alimtumbukiza samaki huyo kwenye mtungi wa rakija yako. Watu walimcheka miaka na miaka kwa kuharibu kinywaji cha harusi. Yeye alisema tu, "Ngojeni, mtaona." Akafa hakuna aliyeona.

Kumbe rakija ile kali ndiyo iliyomhifadhi. Angemtia ile dawa ya makumbusho inayoharibu vinasaba, nisingepata kitu. Mwezi wa tano mimi na wenzangu wa maabara tulinasa mekousna mmoja hai chini ya kinu cha zamani, tukamkata kipande kidogo cha pezi, tukamrudisha majini. Wakubwa wakasema yaleyale yako: wa kufugwa huyo. Ndipo nikaukumbuka mtungi.

Unajua kazi yangu ya maabara. Nilisoma ule urithi wa vinasaba ambao samaki, kama sisi, huupata kwa mama peke yake: herufi elfu kumi na sita na ushei. Wa samaki wa baba ulitoka vipande vipande, nikauunga kwa wiki sita.

Samaki wa baba na yule aliye hai wanatofautiana herufi mbili tu. Wale wa kufugwa wako mbali nao, zaidi ya herufi mia mbili. Ni ukoo mmoja, Kaka, na bado uko mtoni. Baba alisema kweli. Nililia palepale mbele ya kompyuta, msimamizi wangu akadhani nimekosea hesabu.

Sikulaumu. Ulikuwa kijana, na baba naye alikuwa na ulimi.

Mama alipeleka glasi moja kaburini. Akamwagia baba nusu, nyingine akanywa, akakunja uso: "Inanuka samaki." Kisha akauziba mtungi, akaupandisha darini mwenyewe, na goti lake hilo.

Shangazi Ljeposava anakusalimu. Jirani Krsto pia, aliyecheka kuliko wote. Siku hizi anadai aliamini tangu mwanzo.

Mungu akulinde na baridi na upweke. Mama ameniamuru niandike haya kama alivyoyasema: "Mwambie samaki ameshapatikana. Sasa bado yeye."

Mimi dada yako nikupendaye, mwenye harufu ya samaki mikononi,
Senka