Majani ya Mti wa Yohana

Jumapili, mwisho wa Oktoba. Mawingu, na baridi ya kuuma vidole.

Leo nimefagia uwanja tena. Kwetu Kasulu, mama alitufundisha kwamba nyumba iliyofiwa ndiyo hufagiliwa mapema zaidi, maana watu watakuja. Hapa Toronto watu walikuja wiki mbili.

Mimi nimeendelea kufagia.

Nilifagia zaidi chini ya birchi, mti wa nchi za baridi, hadi udongo ukawa mgumu kama sakafu. Mume wangu, Yohana, aliupanda mwaka tuliohamia nyumba hii. Alipenda gome lake jeupe linalobanduka kama karatasi. Kila majani yalipopukutika aliyarundika shinani, nami nikayaondoa. Hakubisha. Nikienda kazini, aliyarudisha. Nilidhani ni uvivu.

Kiangazi hiki, cha pili bila yeye, matawi ya juu yalikauka.

Mchana nilikuwa nafunga mfuko wa tatu wa majani. Jirani yangu Bi Shirin, mzaliwa wa Bukoba, akasimama kwenye uzio.

"Mama Neema, huo mti umekukosea nini?"

"Nausafisha tu, Bi Shirin."

"Unauvua nguo. Mizizi yake iko juujuu, haitaki jua wala ukavu. Marehemu alikuwa anafunika, wewe unafunua. Nilikuwa nawaona, nacheka peke yangu."

Nikamuuliza kama mti umeshakufa. Akasema juu ndiyo, chini bado. Nirudishe majani, niumwagilie taratibu kabla ardhi haijaganda, halafu tusubiri baridi iishe tuone.

Miaka sita tuligombania majani, na Yohana hakuwahi kuniambia sababu.

Au aliniambia nikiwa nafagia.

Mifuko miwili ilikuwa tayari barabarani, ikisubiri gari la taka la kesho. Nimeirudisha mmoja mmoja. Nimeimwaga yote mitatu shinani, nikasambaza majani kwa mikono, nikaacha nafasi kidogo kuzunguka shina kama alivyokuwa akiacha yeye. Sikujua kwamba nakumbuka hilo. Kisha nikamwaga maji, ndoo nne, polepole.

Uwanja wangu sasa ni mchafu. Mama angeona aibu.

Ufagio nimeuweka ndani, nyuma ya koti lake ambalo bado liko mlangoni. Najua kesho alfajiri mikono yangu itautafuta.

Nitaipa kazi gani?