Pini Midomoni

5 Machi

Mwanangu,

Salamu nyingi. Mimi sijambo, ila nyumba imepooza tangu cherehani ya baba yako mkubwa inyamaze. Wajukuu hawajambo?

Ugonjwa wake tuliujua mimi, yeye na daktari. Mbona wateja walikuja kuchukua vitambaa vyao angali hai? Mmoja alishika suruali yake kwa ncha za vidole, kama panya aliyekufa. Nimeiandikia hospitali yenu, waseme nani alifungua faili lake kwenye kompyuta. Dawa zangu za presha zimeisha, lakini huko sirudi mpaka nijibiwe.

Mama yako mkubwa

14 Machi

Mama Mkubwa,

Shikamoo. Sisi wazima.

Jibu limetoka, limenichoma. Faili lilifunguliwa kwa jina langu, alasiri, Jumamosi ile ya mvua. Si mimi! Wodini anayewahi asubuhi hufungua kompyuta kwa nywila yake, na wengine huendelea humo humo mpaka jioni. Anayeifunga huambiwa ana roho mbaya. Nami ndiye ninayewahi. Ukishikilia malalamiko, kazi itaniponyoka. Tuyaache, mama?

Mwanao

2 Aprili

Mwanangu,

Hujambo? Nimekawia kwa sababu nilikasirika, na barua ya hasira haifai.

Jumamosi ile ulitoka zamu ya asubuhi, ukawa kwangu tangu adhuhuri. Ulimkata kucha baba yako mkubwa, akakutania, “Muuguzi gani huyu, anakata kama mbuzi anakula majani?” Nitakwenda kwa mkuu wa hospitali niyaseme hayo. Lakini malalamiko siyaondoi. Aliyechungulia asijifiche nyuma ya jina lako, na kila mtu aingie kwa nywila yake. Baba yako mkubwa akipima wateja alibana pini midomoni. Kiuno cha mtu, alisema, ni siri yake na fundi wake.

Mama yako mkubwa

20 Mei

Mama Mkubwa,

Shikamoo. Nimepewa onyo kwa kuiacha kompyuta wazi, na nimestahili. Bila wewe ningefukuzwa. Mwenzetu mmoja amekiri, amesimamishwa kazi. Sasa kila mtu na nywila yake. Wananiita Bi Kufuli! Jana daktari alibembeleza, “Nichungulie kidogo tu kwa jina lako.” Nikamwambia, “Ingia kwa lako.”

Na presha yako? Mbona husemi?

Mwanao

27 Mei

Bi Kufuli wangu,

Wajukuu wazima? Jumatatu nakuja kupimwa. Nitapanga foleni kama wengine. Faili langu alifungue atakayenipima, basi. Hata wewe usiliguse.

Ukitaka kujua presha yangu, niulize mimi.

Mama yako mkubwa