Pweza Kwenye Bucha la Kiritiri

Kaka Kombo,

Hujambo huko Gazi? Huku Kiritiri jua linachoma na pweza mkavu uliyenipa nimletee mama mkwe amezua kizaazaa! Mama mkwe alidhani ni nyama ya kukatwa, akampeleka kwa Mzee Njeru mwenye bucha. Naye akamtundika katikati ya mbuzi. Soko zima likaja kutazama.

"Hii mnyama iko na miguu nane na haina mfupa," akalia Mzee Njeru. "Sasa nikate wapi?"

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Kisha nikawaeleza kwamba pweza wanapungua, maana kuna wavuvi wanaochokoa mashimoni hata wadogo na wenye mayai. Mzee akanyanyua panga.

"Hata mimi sichinji mbuzi iko na mimba! Huyo mvuvi ni nani?"

Sikukutaja, kaka yangu.

Nikampika yule pweza kwa ndengu. Mama mkwe akala sahani mbili, amefumba macho.

"Iko ingine?"

"Ipo, mama, wakiachwa wadogo wakue."

"Basi mimi nitangoja."

Tafadhali Kombo, usiniaibishe ukweni. Mungu akurudishe salama kila ukiingia majini.

Dadako akupendaye,
Mwanamisi