Palta Mezani kwa Wakwe

Mtaa wa Delicias,
Valladolid.
11 Machi 2019

Mpendwa kaka Eleuterio,

Nakusalimu kwanza, ingawa moyo unanituma nianze na ugomvi. Hujambo? Shemeji Yolanda hajambo? Magoti ya Mama yanaendeleaje kwa mvua hizo za Arequipa? Mimi mzima wa mwili. Rohoni nimechafuka, tena sana.

Jana tulialikwa chakula kwa Remedios, mama mkwe wa mwanangu Fermín. Nilitengeneza maparachichi ya kujazwa kuku, kama ya Mama, nikasafiri nayo kwenye basi nimeyapakata. Mjukuu wangu Nerea alipoyaona akaruka: "Palta! Bibi, nipe palta!" Mtoto wa miaka minne, kaka, analiita parachichi kama tunavyoliita kwetu! Nilijiona malkia.

Remedios akaweka uma chini. "Siyo palta, kipenzi. Huku tunasema aguacate. Bibi yako anakuharibu ulimi."

Nikamwambia, "Mama Remedios, mnakula tunda la kwetu halafu mnatufundisha jina lake?" Hapo nilikuwa bado natania.

Aliyenichoma ni Fermín, niliyemlea kwa kuuza choclo sokoni, yale mahindi ya kuchemsha unayoyajua. Alisema bila hata kunitazama: "Mama nawe, usianze. Mtoto anachekwa shuleni. Palta, choclo, chompa, hayo yaache huko huko Arequipa." Chompa! Na hiyo chompa, sweta aliyovaa, nimemfumia mimi! Mkamwana wangu Begoña akatikisa kichwa kukubali. Kumbe walishapanga: nikiwa na mtoto niseme maneno ya hapa tu, la sivyo nisiende tena kumchukua shuleni Ijumaa. Na Ijumaa ndiyo siku yangu pekee naye.

Nerea akanisogelea, akauliza kwa upole, "Bibi, kwani wewe hujui kusema?"

Ndipo nilipoinuka. Nilikusanya maparachichi yangu yote, pamoja na lile lililokuwa kwenye sahani ya Remedios, nikatoka. Sioni aibu. Najua wewe utacheka, lakini mimi nililia pale kituoni mpaka basi likanipita.

Kaka, nimekasirika sana. Nikikataa, nampoteza mtoto. Nikikubali, Mama atazungumzaje na kitukuu wake? Ana miaka tisini, hana maneno mengine.

Leo asubuhi nimempigia Fermín. Nimemwambia nitakubali, ila kwa sharti langu moja. Jumamosi Mama akipiga simu yake ya kila wiki, yeye ndiye atakayeishika mbele ya Nerea, na kila Mama akitamka palta au choclo, amkatize amwambie kwamba hajui kusema.

Akasema, "Mama, siwezi."

"Huwezi kwa nini?"

"Ni Bibi yule."

"Na mimi ni nani?"

Nikakata simu.

Mama usimwambie lolote. Jumamosi mpe simu aongee kama kawaida yake. Nisalimie Yolanda na dada Hermelinda na wanawe. Bikira wa Chapi awafunike nyote kwa joho lake. Ijumaa nitakuwa langoni pa shule, anione mtoto, wamruhusu au wasimruhusu.

Mdogo wako akupendaye, hasira na yote,
Nicolasa