Samaki wa Zawadi Hawakutengwa

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Ezironi Masereka
Umri: miaka 69
Kazi: mwalimu mstaafu
Makazi: Kitswamba, Kasese

Afande, niwie radhi kwa kukaa kimya tangu mlipomkamata Anselme. Nilidhani mdogo wangu Nobert angeyaondoa mashtaka mwenyewe.

Nobert hufuga samaki wa mapambo mjini Kasese na kuwauzia wenye hoteli. Samaki mgeni huwekwa kwanza katika tangi dogo la uani, lenye wavu wake, kwa wiki nne, ili akiwa na ugonjwa uonekane kabla ya kuwafikia wengine. Utaratibu huo tuliuweka pamoja.

Mnamo tarehe 6 Julai 2019, saa nane mchana, Anselme, mchumba wa Ronah binti ya Nobert, alifika kujitambulisha. Ni mfanyabiashara wa Bwera, mzaliwa wa Butembo, ng'ambo ya mpaka. Alileta zawadi ya samaki wekundu ndani ya mfuko wa maji. Kwa sababu ya Ebola iliyokuwa huko kwao, majirani walikuwa wamekataa kumpa mkono. Nobert alipoanza kuupeleka mfuko uani, Anselme alisema, "Baba, ku mupaka banatupima joto. Sasa hata samaki munapima?"

Watu walicheka. Nobert hakucheka. Nilimnong'oneza kwamba kumtenga samaki si kumdharau aliyemleta. Akanijibu, "Kaka, nimtenge mkwe mara ya pili?" Akawamimina mwenyewe katika tangi kubwa, mbele ya wageni.

Jumapili iliyofuata niliona madoa meupe, kama chembe za chumvi, kwenye mapezi ya wale wekundu. Haukupita muda, samaki wa matangi yote wakafa, kwa kuwa wavu uliotumika ulikuwa mmoja. Nobert akasema Anselme alitia sumu. Hapakuwa na sumu. Ulikuwa ugonjwa, na tangi dogo lingeuonyesha.

Mdogo wangu hasemi nami tena. Ronah hali chakula. Mama yake Anselme ameniuliza kutoka Butembo kama mwanawe atatoka. Nimemwahidi kumwandikia mtakapoamua.

Nimeyasema haya kwa hiari yangu, nami nayatia sahihi.

(Sahihi) E. Masereka

Maandishi ya afisa: Nimemsomea shahidi maelezo yake, akayakubali. Ameomba kumwona mshukiwa. Hakuruhusiwa. Mshukiwa ana homa tangu jana, ametengwa.